Maswali ya wasomaji: Oska kawamaliza wenzake wote

Safari hii meseji zimekuja nyingi na karibu zote ni za samaki wala nyama wa maji baridi, oska, pirana, polipterasi yule mrefu kama nyoka, mpaka kambare wa mkia mwekundu. Naona watu wamehama kwenye magapi, vile visamaki vidogo vya rangi. Nimechagua zile ambazo jibu lake litasaidia na wengine. Zile za "fundi nipe dawa samaki wangu amepauka" bila kusema tangi lina lita ngapi na maji yalibadilishwa lini nimeziweka pembeni, nitumieni tena mkiwa na hizo habari maana bila hizo hata mimi nabahatisha tu.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina tangi la lita 60, lilikuwa na gapi kumi na mbili na neoni tetra sita. Mwezi uliopita nikaongeza oska wawili wadogo tu, urefu wa kidole, aliyeniuzia akasema samaki anakua kulingana na ukubwa wa tangi kwa hiyo hawatazidi sana hapo. Leo asubuhi nahesabu gapi wamebaki wawili na tetra hamna hata mmoja, na sijaona maiti hata moja. Ni ugonjwa gani huu? Oska wenyewe wako fiti na wamenenepa kweli.
Mama Tangi

JIBU: Mama Tangi, hamna ugonjwa hapo. Maiti huzioni kwa sababu zimo tumboni mwa hao wawili walionenepa. Oska ni siklidi, yaani jamii moja na sato na perege, wa bonde la mto Amazon, na namna yake ya kula ni kufungua mdomo ghafla mpaka maji yanavutwa ndani na kasamaki kanaingia nayo, hakuna kukimbizana sana, hakuna mapezi yaliyochanika yanayoelea, ndo maana wengi hawashtuki mpaka siku wanayohesabu. Mara nyingi inatokea alfajiri au taa zikishazimwa, wale wadogo wametulia wamesinzia. Kanuni ya hawa samaki ni moja, kinachoenea mdomoni ni chakula, na mdomo ukifunguka ni mkubwa kuliko unavyoudhania ukimwona ameufunga. Hao gapi wawili waliobaki watoe leo hii.

Sasa hilo la kukua kulingana na tangi. Hii kauli inazunguka miaka na miaka na imeuza matangi madogo mengi sana. Samaki hajui vipimo vya kioo chako. Kinachotokea kwenye tangi dogo ni kwamba maji yanachafuka haraka, samaki anadumaa, macho yanaonekana makubwa kwenye mwili mdogo, mgongo unaweza kupinda, alafu anakufa mapema na mtu anasema "alikuwa mdogo lakini kazeeka". Oska anayelishwa vizuri anaongeza kama sentimita 2 hadi 3 kwa mwezi kwenye mwaka wa kwanza, akifikisha mwaka yuko kwenye 25 hivi, na anamalizia 30 mpaka 35. Anaishi miaka 10 hadi 15. Yaani mtoto anayeanza darasa la kwanza leo anaweza kumaliza sekondari na oska bado yupo sebuleni anadai chakula.

Kwa hiyo hesabu ya tangi ipigwe kwa ukubwa wa mwisho, sio wa siku ya kununua. Kwa oska mmoja anza na tangi la urefu wa sentimita 120, upana 45, kimo 50, hilo ni lita 270. Kwa wawili nenda lita 450 na kuendelea, na hapo pia hakuna dhamana, kuna oska wanaoelewana na kuna wanaouana, hasa wakishapevuka wakaanza kugombea sehemu. Na kabla hujaagiza kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hilo la 270 likijaa, ukijumlisha kioo, mawe na stendi, umeshapita kilo 300 mahali pamoja. Kabati la tivi haliwezi huo mzigo.

Mtu atauliza lita zote hizo za nini wakati samaki ni mmoja. Sio za kuogelea tu. Mla nyama anakula protini nyingi, na protini mwilini mwa samaki inaishia kuwa amonia, ambayo nyingi inatokea kwenye matamvua moja kwa moja wala sio kwenye kinyesi, kwa hiyo hata ukiona chini ni kusafi, maji yanaweza kuwa na sumu. Wanaokuokoa ni bakteria wa makundi mawili, la kwanza linageuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, la pili linageuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki anaivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao wanaishi kwenye sponji na vipande vya kauri vya filta, na kwenye tangi jipya wanachukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Ndo maana samaki wengi wanakufa ndani ya mwezi wa kwanza, maji yanang'aa kama kioo na mwenye tangi anaapa ni safi. Nunua vipimo vya maji, vile vya matone sio vya karatasi kama una uwezo wa kuchagua, na unachotafuta ni amonia sifuri, nitraiti sifuri, nitreti isizidi miligramu 40 kwa lita, ikiwa chini ya 20 ni bora zaidi. Nitreti filta haikutolei, inatoka kwa kubadilisha maji tu, theluthi mpaka nusu ya tangi kila wiki.

Filta iwe na uwezo wa kupitisha ujazo wa tangi mara 5 hadi 10 kwa saa, na kwa oska mimi naegemea huko kwenye 10 maana ni samaki mchafu, anatafuna peleti, zile punje za chakula cha kopo, na nusu yake inatoka kwenye mashavu kama unga. Joto nyuzi 24 hadi 28. Maji ya bomba yana klorini inayoua hao bakteria na kuunguza matamvua, tumia dawa ya kuondoa klorini kila unapoongeza maji. Kuna wanaolaza maji kwenye ndoo usiku mzima, hiyo inasaidia kwa klorini ya kawaida, lakini sehemu wanazotia kloramini kulaza hakusaidii, haitoki kirahisi hivyo. Na sponji ya filta usiioshe bombani hata siku moja, ioshe kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, ikamue mara mbili tatu inatosha, hailazimiki kuwa nyeupe.

Wakati unatafuta tangi kubwa, hao wawili kwenye lita 60 badilisha maji nusu kila siku mbili na uwalishe kidogo. Lakini usifanye hilo ndo maisha yao, ni la wiki chache tu. Alafu hilo la 60 rudishia gapi, ni tangi zuri tu kwa gapi.

SWALI: Shikamoo fundi. Oska wangu ana sentimita 20, tangu mdogo nampa vigoldifishi hai, watoto wanapenda sana kuangalia na jirani zetu wanakuja. Sasa akipewa peleti anaziingiza mdomoni anazitema anageukia kona. Nimeshanunua makopo matatu tofauti. Nifanyeje, na je kuna ubaya gani akiendelea na hao hai, si ndo asili yake?
Baba Wawili

JIBU: Marahaba Baba Wawili. Asili yake sio goldifishi, huyo ni jamii ya samaki waitwao kapi kutoka Asia, oska wa mtoni hajawahi kukutana naye. Huko Amazon oska anakula mchanganyiko, wadudu wanaoangukia majini, kamba, konokono, visamaki, hata na matunda yakidondoka. Ukimpa goldifishi kila siku umempa chakula kimoja, na kibaya. Goldifishi ana kimeng'enya kinachoitwa thiaminesi ambacho kinavunja vitamini B1, na samaki anayekosa B1 kwa muda mrefu anaanza kukosa mizani, anaogelea anazunguka, anaacha kula, na huwezi kujua imetoka wapi kwa sababu jana ulimwona anakula vizuri tu. Zaidi ya hapo, visamaki vya kulishia vinafugwa kwa kurundikana kwenye matangi mabovu, vinakuja na minyoo, chawa wa samaki, na ule ugonjwa wa vidoa vyeupe kama chumvi. Unalipia chakula unaleta hospitali.

Kumrudisha kwenye peleti kunataka moyo mgumu kidogo. Anza kwa kutompa kitu siku 3 nzima. Najua atakuja mbele ya kioo atakutazama na atatikisa mkia, na watoto watakwambia anakufa njaa, usisikie, oska mzima wa saizi hiyo anakaa wiki bila kula na hapati shida. Siku ya nne mpe nyungunyungu, mmoja mmoja, amesuuzwa udongo, huyo anajinyonganyonga kwa hiyo atamkubali. Fanya hivyo siku kadhaa. Alafu hamia kamba aliyemenywa, kata vipande saizi ya jicho la samaki wako, mshikie kwa kibanio na ukitikise taratibu ndani ya maji mpaka akivamie. Akishazoea kula kitu ambacho hakijitikisi chenyewe, chukua peleti, ziloweke dakika 10 kwenye maji ya huyo kamba mpaka zinukie na kulainika, zichanganye na vipande vyake, halafu kila siku kamba wapungue peleti ziongezeke. Akitema toa mabaki baada ya dakika 5 na usimpe kitu kingine mpaka kesho yake. Hapo kwenye "maskini, nimpe kimoja tu" ndo kila mtu anaharibu, akishajua ukaidi unaleta goldifishi atakaidi mwezi mzima.

Baada ya hapo peleti za wala nyama ziwe ndo msingi, kamba, nyungunyungu, nyenje na minofu ya samaki mweupe ziwe za kubadilisha. Kamba wabichi wengine nao wana hicho kimeng'enya, kwa hiyo wasiwe ndo mlo wa kila siku. Moyo wa ng'ombe wengi wanausifia sana, mimi siupendi, mafuta ya mnyama wa nchi kavu tumbo la samaki haliyawezi vizuri, mara moja moja sawa lakini toa mafuta na mishipa yote. Oska wa saizi yako mara moja kwa siku inatosha, kiasi anachomaliza ndani ya dakika moja au mbili, na siku moja kwa wiki afunge.

Kuhusu jirani wanaokuja kuangalia, waambie wakija wakute analishwa kwa mkono. Oska anamzoea mtu, anapanda juu anachukua chakula kwenye vidole, inafurahisha kuliko lile onyesho la goldifishi. Kidole kitaumwa siku moja, meno yake ni madogo, inakwaruza tu.

SWALI: Mjomba mambo, nataka pirana mmoja tu nimweke kwenye tangi la lita 100 chumbani, nataka marafiki wakija waogope. Inawezekana?
Simba wa Maji

JIBU: Kijana, atakayeogopa ni pirana. Yule wa tumbo jekundu ni samaki mwoga, anakaa kundi ili ajilinde asiliwe, akiwa peke yake anajificha nyuma ya jiwe siku nzima na mtu akipita ghafla anajigonga kwenye kioo. Wanaotaka kuwaona wakitulia wanaweka watano au zaidi kwenye tangi la lita 500 kwenda juu, lenye mwanga hafifu. Hao wakibanwa au wakikaa na njaa wanakatana mapezi na macho wenyewe kwa wenyewe. Kuuma watu kwenye tangi kunatokea zaidi wakati wa kuwashika na wavu. Alafu angalia kwanza sheria ya unapoishi, sehemu nyingi kumfuga ni kosa, mfano majimbo kadhaa ya Marekani yamemkataza kabisa.

SWALI: Fundi naomba msaada wa haraka. Oska wangu wa miaka mitatu ametoboka vishimo vidogo kichwani, kati ya macho na juu ya pua, vilianza viwili sasa viko kama saba, kimoja kina kitu cheupe ndani. Anakula lakini sio kama zamani. Duka wameniuzia dawa ya fangasi, nimeweka siku tano hamna kitu. Filta inafanya kazi, maji nabadilisha "yakichafuka".
Ndugu mwenye hofu

JIBU: Hiyo dawa ya fangasi iache, sio fangasi. Huo ni ugonjwa wa vishimo kichwani, unawapata sana oska na siklidi wakubwa wengine. Hauna sababu moja, ni mambo yanayokutana, maji yenye nitreti nyingi kwa muda mrefu, lishe isiyo na vitamini za kutosha, na mara nyingi kuna vimelea vya tumboni vinavyoitwa heksamita ambavyo vinachukua nafasi samaki akishadhoofika. Angalia kinyesi chake, kikiwa cheupe, chembamba, kinaning'inia kama uzi wa ute, hivyo vimelea vinashukiwa zaidi.

Ila mi nimeshika hapo kwenye "yakichafuka". Hayo maji hayachafuki kwa macho. Nenda kapime nitreti leo, sitashangaa ukikuta 80 au 100 na zaidi. Ukikuta hivyo usibadilishe tangi zima kwa mkupuo, samaki aliyezoea hali mbaya akihamishiwa ghafla kwenye maji tofauti anapata mshtuko, badilisha robo leo, robo kesho, endelea hivyo wiki nzima mpaka ishuke chini ya 20, joto la maji mapya lilingane na la tangi. Vuta uchafu chini ya changarawe kwa mpira wa kunyonyea, utaona kitakachotoka huko na utaelewa. Badilisha na chakula, peleti nzuri zenye vitamini, sio kopo lililofunguliwa mwaka jana maana vitamini C inapotea ikikaa.

Kwa wengi ambao vishimo bado ni vidogo hilo tu linatosha, vinaanza kujaa ngozi taratibu, ni kazi ya miezi sio ya siku. Kama kinyesi ni kile cheupe au anaendelea kugoma kula, dawa inayotumika ni metronidazo, na inafanya kazi vizuri ikichanganywa kwenye chakula kuliko ikimwagwa majini, lakini kipimo chake akupe daktari wa mifugo, sio muuza duka na wala sio mimi. Vile vishimo vilivyoshaingia ndani sana vitaacha kovu, hilo likubali.

SWALI: Nimehamisha oska kwenye tangi jipya jana jioni, leo amelala ubavu chini kabisa rangi imepauka, mwili nusu mweusi nusu kijivu, mke wangu anasema tumtupe amekufa. Nikigonga kioo jicho linanifuata.
Kaka wa Pembeni

JIBU: Usimtupe! Amenuna. Sitanii, oska akihamishwa, akipangiwa mawe upya, hata akibadilishiwa maji mengi kwa pamoja, anaweza kulala ubavu saa nyingi au siku moja mbili bila kugusa chakula. Zima taa, acha kugonga kioo, mwache. Unachoangalia ni vifuniko vya mashavu, vikifunguka na kufunga taratibu kwa mpangilio yuko sawa. Vikipiga haraka haraka, au akipanda juu kutafuta hewa mdomo wazi, hapo sio kununa tena, pima amonia na nitraiti mara moja na ubadilishe maji. Na kama ulihamisha samaki ukaacha filta ya zamani na kuweka mpya kavu kutoka dukani, ujue umewaacha bakteria huko, nenda kachukue zile sponji za zamani uziweke humu.

Hapo hapo niseme kwa wale wenye siklidi wa Ziwa Nyasa, yupo mmoja anaitwa Nimbochromis livingstonii, yeye akilala chini ubavu na mabaka yake kama mzoga, anawinda. Visamaki vinakuja kudonoa mzoga, mzoga unageuka.

SWALI: Fundi, polipterasi wangu nimemkuta nyuma ya kabati amejaa vumbi, tangi limefunikwa na kioo kimebaki kinafasi tu cha kupitisha mpira wa filta. Nikamrudisha majini nikijua amekwisha, baada ya dakika chache anatembea. Huyu ni samaki au ni nini?
Shabiki wa Majoka

JIBU: Ni samaki, ila wa ukoo wa zamani sana, na ana kibofu cha hewa kinachofanya kazi kama mapafu, anapanda juu kuvuta hewa hata pale ambapo maji yana oksijeni ya kutosha. Ngozi ikiwa bado na unyevu anaweza kukaa nje ya maji muda mrefu kuliko samaki wengi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill huko Kanada walichapisha matokeo ya kuwalea polipterasi wachanga nchi kavu, kwenye unyevunyevu, kwa kama miezi 8, na wale wa nchi kavu wakawa wanatembea vizuri kuliko wenzao waliokulia majini, kichwa juu na mapezi karibu na mwili. Kwa hiyo wako alipotoka hakuwa amepotea, alikuwa matembezini.

Hicho kinafasi ndo mlango wake. Kichwa kikipita mwili wote unapita, huyo ni mrefu na hana pembe. Ziba na sponji nene iliyokatwa kuzunguka mpira, ibane kweli maana anasukuma na pua, alafu kifuniko kiwe na uzito juu yake. Lakini usijaze maji mpaka kioo, acha sentimita 5 au zaidi za hewa ili apate pa kuvutia. Haoni vizuri, anawinda kwa harufu usiku, kwa hiyo chakula kinachozama kiweke taa zikishazimwa, la sivyo wenzake wanammaliza kwa njaa huku wewe unadhani anakula. Vile alivyojaa vumbi mwangalie ngozi siku hizi, akianza kuwa na ute mweupe au wekundu ongeza kubadilisha maji.

SWALI: Oska kavunja hita. Nimekuta vipande vya kioo chini na maji baridi. Niweke nyingine ya kioo au?
Mhandisi

JIBU: Usiweke ya kioo bila kizuizi. Oska anasukuma vitu, hita, mawe, mimea, hata thamometa. Tafuta hita ya chuma au plastiki ngumu, au ifunge kwenye kile kikapu chake cha kuikinga, au itoe kabisa ndani ya tangi uiweke kwenye tangi la chini la filta kama unalo. Na kabla hujaingiza mkono kuokota hivyo vioo, chomoa kila kitu kwenye umeme, kila kitu, hata pampu. Waya wowote unaotoka tangini upitishe ushuke chini ya soketi kwanza kabla ya kupanda, ili maji yanayotiririka kwenye waya yadondokee sakafuni yasiingie kwenye soketi.

SWALI: Fundi, mwaka jana nilinunua kambare mzuri wa mkia mwekundu, mgongo mweusi, tumbo jeupe, alikuwa sentimita 8. Sasa ana 45, tangi langu ni la lita 400, akigeuka mkia unagusa kioo na kichwa kinagusa kioo. Amemla arowana mchanga na gogogo mmoja, huyo gogogo alimkwama siku nzima mdomoni. Mke wangu na watoto wanampenda lakini siwezi tena. Nimefikiria kumpeleka mtoni aishi kwa uhuru. Ushauri wako?
Aliyechoka

JIBU: Mtoni hapana. Hapana kabisa, na naomba kila anayesoma asikie. Huyo ni samaki wa Amerika ya Kusini, atakufa kwa baridi au atakula kila kilichomo, na magonjwa ya tangi lako anakwenda nayo. Mwaka 2002 kule Maryland, Marekani, walikuta samaki wa Asia aina ya snekihedi kwenye bwawa, mtu mmoja alikuwa amewaachia tu wale wake alioshindwa nao, wakazaana, ikabidi bwawa litiwe sumu kuwaua wote na samaki wengine wakafa nao. Na mfano wetu mkubwa zaidi ni sangara, aliingizwa na watu Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na aina nyingi sana za furu, visamaki vya asili vya ziwa hilo, hazikuonekana tena.

Huyo kambare anapita mita 1 na kilo zake zinapita 40, hakuna tangi la nyumbani linalomtosha, na mi naona haifai hata kuuzwa kwa mtu wa kawaida akiwa na sentimita 8 bila kuambiwa hilo. Unapotafuta pa kumpeleka anza na aliyekuuzia, wengine wanapokea. Alafu wafugaji wenye mabwawa ya ndani yenye joto, na majumba ya maonyesho ya samaki, japo hayo yanaletewa hao hao kila siku na mara nyingi yanakataa. Ukikosa kote, daktari wa mifugo anaweza kumuua bila mateso kwa dawa ya usingizi ya samaki, ni uamuzi mgumu lakini ni bora kuliko mto na bora kuliko kumwacha ajipinde humo miaka. Kwa sasa mlishe mara mbili tu kwa wiki, maji nusu kila baada ya siku mbili, na usimwekee mwenzake wa aina yoyote, gogogo ana miba inayojifunga wima, ingemkwama kooni wangekufa wote wawili.

Siku ya kumsafirisha awe hajala siku 2 hadi 3 ili asichafue maji njiani. Usitumie wavu, miba ya mapezi yake inanasa kwenye nyuzi na utaichana ukijaribu kumtoa, msogeze aingie mwenyewe kwenye beseni refu la plastiki lililozamishwa tangini mlinyanyue watu wawili, lifunike, na mweleze anayempokea urefu wake wa mwisho, anachokula, na kwamba ameshawahi kumeza wenzake.